Magoli kumi na moja, sababu nne

Dar es Salaam inakumbuka idadi. Mtoto wa Kariakoo ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa mwaka 1977 atakwambia kwamba mwaka huo Simba iliifunga Yanga sita bila, na kwamba Abdallah Kibadeni peke yake alitupia matatu. Mjibu kwa tano bila za mwaka 1968, ambazo Yanga ndiyo iliyofunga, naye atakurudishia tano bila za Mei 6, 2012. Na tangu Novemba 5, 2023, siku Yanga ilipoondoka uwanja wa Mkapa na ushindi wa tano kwa moja, nina majirani ambao salamu yao kwa mtu wa Simba ni kiganja kilichonyooshwa, kisha wanapita zao. Utani huo naupenda. Watu wazima wamejichagulia timu, na maumivu yake wamejichagulia pia.

Ninachokipinga ni kuuchukua utani huo kama ulivyo na kumtwisha mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mimi ni mlezi wa timu ya watoto wa chini ya miaka 13 hapa Tandika. Nafua jezi, nabeba maji, nakusanya nauli, na mechi ikianza nakaa pembeni ya mstari na daftari, naandika kila goli limeanzia wapi. Watoto wananiita Anti. Kocha wetu ni kijana anayeendesha bodaboda asubuhi na kufundisha jioni. Wao wanamwita Mwalimu, kama watoto wengi wa huku wanavyomwita mtu mwenye filimbi shingoni. Mwishoni mwa mwaka jana tulialikwa kwenye bonanza Kawe, viwanja vya Tanganyika Packers. Kura ikachezeshwa kwa vikaratasi ndani ya kofia, tukaangukia akademi moja ambayo watoto wake wanafanya mazoezi karibu kila siku, kwenye nyasi, na kila mmoja ana njumu za saizi yake. Tulifungwa kumi na moja bila.

Daladala letu lilikuwa halijafika hata Mwenge, tayari video ilikuwa inazunguka kwenye status za WhatsApp. Kipa wetu amelala kifudifudi baada ya goli la tisa, na chini yake mtu ameandika "kapu limejaa". Aliyerekodi alikuwa mtu mzima. Aliyeandika maneno alikuwa mtu mzima. Na waliobonyeza vile vikatuni vya kucheka machozi, wengi wao wana watoto wa umri uleule. Mama wa kipa aliiona kabla mwanawe hajafika nyumbani, na mtoto alipoingia mlangoni akakuta kaka zake wameshaiona pia.

Nilipolalamika kwenye kundi la wazazi, mzee mmoja ninayemheshimu alinijibu, "Waache, mwanangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Watajifunza." Nilimwitikia kwa adabu, maana methali hiyo haina kosa. Lakini jibu lake lilinikaa kichwani wiki nzima. Watajifunza nini? Nani atawafundisha? Mtoto aliyetoka uwanjani akiwa amefungwa kumi na moja, ukimwacha peke yake na kipigo hicho, somo moja tu ndilo litakalomjia lenyewe bila kufundishwa, nalo ni kwamba yeye hawezi. Masomo mengine yote lazima mtu ayabebe na kumpelekea. Kipigo peke yake hakifundishi. Mwalimu wa darasani akimrudishia mwanafunzi karatasi yenye sifuri ya rangi nyekundu bila kuonyesha swali gani limekosewa na kwa nini, hatusemi amefundisha, na mpira wa watoto tunauendesha hivyohivyo kila Jumamosi.

Watoto wanaiga tunachofanya sisi. Baada ya ile tano kwa moja ya 2023, Simba iliachana na kocha wake Robertinho ndani ya siku chache. Klabu kubwa ina sababu zake na wakubwa wana mikataba. Sasa sikiliza nilichokisikia mimi kwenye kiti cha nyuma cha daladala, kutoka kwa watoto ambao miguu yao haigusi sakafu wakikaa: "Tumbadilishe kipa." "Namba tatu naye aondoke." "Tumchukue yule wa Mtoni, mrefu." Walikuwa wanavunja benchi la ufundi na nusu ya timu kabla hatujavuka Ubungo. Kipa alikuwa dirishani, anasikia kila neno.

Mwalimu hakusema kitu ndani ya daladala. Kwa maoni yangu alifanya vema, kwa sababu mtoto mwenye hasira na njaa hasikii. Aliwaambia tu kwamba mazoezi ni Jumanne, na kila mmoja aje na vizibo vya soda.

Jumanne jioni, wakubwa hawajaingia uwanjani, watoto walichora uwanja mzima kwenye mchanga kwa kijiti, na maboksi mawili, na duara la kati lililopinda. Vizibo vyekundu vikawa sisi, vya rangi ya chungwa vikawa wao. Mimi nikafungua daftari nikaanza kusoma. Goli la kwanza, dakika ya tatu: golikiki yetu, mpira umeangukia katikati, namba sita wao yuko peke yake, pasi moja, goli. Wakapanga vizibo. Goli la pili: golikiki yetu, mpira umeangukia katikati. Wakapanga. Nilipofika la nne, beki wetu mmoja mwembamba, ambaye kwa kawaida hata jina lake analisema kwa sauti ya chini, akainua kichwa akasema, "Anti, si hili hilihili?"

Lilikuwa hilohilo. Magoli matano kati ya kumi na moja yalianza kwa golikiki yetu wenyewe. Kipa wetu hana nguvu ya kuupeleka mpira mbali, mabeki wetu wote walikuwa wamepanda kama wanavyowaona wakubwa kwenye televisheni, na mpira ulikuwa unaanguka kila mara kwenye mguu wa mtoto yuleyule. Matatu mengine yalitoka kwa krosi za upande wetu wa kushoto, namba tatu akiwa amebaki na watu wawili kwa sababu namba kumi na moja wetu hakuwa anashuka kumsaidia. Moja lilikuwa penalti, mkono wa bahati mbaya. Na mawili yalikuwa ya namba kumi wao, mtoto wa mguu wa kushoto anayegeuka na mpira kwa namna ambayo hata Mwalimu alikiri asingeweza kumzuia. "Yule anajua," wakasema, na nusu saa nzima baada ya hapo walikuwa wanajaribu kugeuka kama yeye.

Yaani kumi na moja bila zilikuwa sababu nne, na katika hizo, mbili zinafanyiwa kazi mazoezini, moja ni ajali, na moja ni kipaji cha mwenzao cha kukipigia makofi. Nilimtazama kipa wakati hesabu hiyo inafanyika. Alikuwa ameambiwa kwenye video kwamba amefungwa kumi na moja. Kwenye mchanga aliona kwamba matano ni ya watu wanne waliopanda wakamwacha, matatu ni ya upande wa kushoto, na yaliyobaki yangemfunga kipa yeyote wa umri wake. Hakuna aliyempa pole. Hakuhitaji pole, alihitaji mchanganuo.

Hapo nina neno kuhusu juhudi, kwa sababu ndilo neno tunalolikimbilia. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio yao na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa maswali wakayaweza, kisha baadhi wakasifiwa kwamba wana akili na wengine wakasifiwa kwamba wamejituma. Wote wakapewa maswali magumu wakashindwa. Walipopewa tena maswali ya kiwango cha kwanza, waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia, na waliosifiwa bidii walipanda. Sisi huku mchangani neno letu ni kipaji. Mtoto akipiga chenga mbili, mtaa mzima unamwambia ana kipaji. Siku akikutana na wenye chenga tatu, hana pa kushika. Kwa hiyo nakubaliana na utafiti huo, ila si kwa namna makocha wengi wanavyoutumia. Watoto wetu siku ile ya Kawe walikimbia mpaka mmoja akatapika. Kumwambia mtoto huyo "ongeza juhudi" ni kumdharau. Juhudi ilikuwepo. Ambacho hakikuwepo, mpaka mapumziko, ni mtu wa kumwambia asimame wapi kipa wake anapopiga mpira.

Mfano wangu mkubwa ni wa mabinti zetu. Oktoba 2022, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, Serengeti Girls walicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano hayo dhidi ya Japani, wakafungwa nne bila. Nakumbuka maneno yaliyosemwa vibandani na kwenye mitandao usiku ule: wametalii, wamekwenda kupiga picha, warudi wasome. Siku tatu baadaye, chini ya kocha Bakari Shime, wasichana walewale waliifunga Ufaransa mbili kwa moja. Wakatoka sare ya moja moja na Kanada, wakaingia robo fainali. Huko Kolombia ikawafunga tatu bila, wakarudi nyumbani. Mpaka leo, nikitaja timu ile kwenye mabonanza, watu wanakumbuka Ufaransa, na ni sawa. Mimi nakaa zaidi kwenye zile siku tatu katikati. Sikuwepo kambini, lakini hesabu iko wazi: siku tatu hazitoshi kumpa mchezaji pumzi mpya wala kasi mpya wala kipaji kipya. Zinatosha kupanga upya watu wasimame wapi, na kumrudisha msichana wa miaka kumi na sita kwenye hali ya kuamini kwamba Japani ilikuwa mechi moja.

Wakubwa nao wana mfano, na huu hata mashabiki wa Yanga hunikubalia. Msimu wa 2018/19 Simba ilifungwa tano bila na AS Vita mjini Kinshasa Januari 19, kisha tano bila na Al Ahly huko Misri Februari 2. Mikono miwili ndani ya wiki mbili. Februari 12 Al Ahly wakaja Dar, wakafungwa moja bila, goli la Meddie Kagere. Machi 16 AS Vita wakaja, wakafungwa mbili kwa moja, Clatous Chama akimaliza kazi dakika za mwisho, na Simba ikaingia robo fainali ya Afrika. Timu iliyoruhusu magoli kumi katika mechi mbili ndiyo hiyohiyo. Ingekuwa timu ya watoto wa mtaani, baada ya ile mikono miwili ingekuwa imeshavunjwa na jezi zimegawanywa.

Kipa wetu nilimsimulia habari ya Nicky Salapu. Aprili 11, 2001, mjini Coffs Harbour, Australia iliifunga Samoa ya Marekani magoli thelathini na moja bila, na mchezaji mmoja, Archie Thompson, alifunga kumi na matatu. Salapu ndiye aliyekuwa golini kwa Samoa ya Marekani. Nilimweleza na sababu, kwa sababu bila sababu hadithi hiyo inakuwa kichekesho tu: matatizo ya hati za kusafiria yaliwaondoa karibu wachezaji wote wa kikosi cha kwanza, vijana wengi wa chini ya miaka 20 walikuwa kwenye mitihani, ikabidi wajaze timu na watoto wa miaka kumi na tano. Yaani ile thelathini na moja ilikuwa imeshafungwa nusu yake ofisini, kabla mpira haujawekwa katikati.

"Halafu, Anti, aliacha kudaka?"

Hakuacha. Novemba 2011 alikuwa golini tena Samoa ya Marekani ilipoifunga Tonga mbili kwa moja, ushindi wao wa kwanza kwenye mechi ya kimataifa inayotambuliwa na FIFA. Miaka kumi baadaye. Mtoto alihesabu kwa vidole, akasema yeye atakuwa na miaka ishirini na mbili. Sikuongeza neno.

Lile la ofisini ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kipigo kikubwa cha watoto mara nyingi kimeandaliwa na wakubwa. Kwanza uwanja. Tunawaweka watoto wa miaka kumi na miwili kwenye uwanja wa watu wazima, goli la upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Kipa wetu akiruka kwa nguvu zake zote, vidole vyake haviufikii mwamba wa juu. Mpira wowote uliopigwa juu ni goli. Uingereza watoto wa ligi za chini ya miaka 12 wanacheza tisa kwa tisa, uwanja umepunguzwa, na goli lao lina upana wa mita 4.88 na urefu wa mita 2.13. Tungecheza kwenye goli kama hilo, naamini zile kumi na moja zingekuwa sita au saba, na mchezo ungekuwa uleule. Sehemu ya aibu ya mtoto yule ilikuwa ni vipimo vya miti.

Pili ni umri. Kila mtu anayezunguka mabonanza ya Dar anawajua vijeba: mtu ana ndevu amezinyoa asubuhi, jioni anacheza chini ya miaka 15. Tatizo hili si letu peke yetu, ndiyo maana FIFA tangu mwaka 2009 inatumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kuangalia kama mifupa imeshafunga. Bonanza la mtaani halina MRI. Lina cheti cha kuzaliwa, lina walimu wa shule ya msingi wanaomjua kila mtoto yuko darasa la ngapi, na lina akina mama ambao ukiwauliza wanakwambia mtoto alizaliwa mvua za mwaka gani. Waandaaji wakitaka kujua, watajua. Wapinzani wetu wa Kawe, niseme wazi, walikuwa watoto wa haki. Tofauti yao na sisi ilikuwa mazoezi. Lakini nimeshaona mechi nyingine ambapo mtoto wa kilo thelathini anagongana na mtu wa kilo sitini, na baadaye tunaambiwa mtoto amejifunza ukomavu.

Tatu ni ile kofia yenye vikaratasi. Ukiwa na timu nane na unajua mbili ni za akademi, ukizitenganisha kwenye kura na timu za mchangani hujamwonea mtu. Unapanga mechi ambazo pande zote mbili zitacheza mpira.

Zipo nchi zilizoamua kuweka utaratibu. Norwei ina kanuni za michezo ya watoto tangu miaka ya 1980, na huko watoto wadogo hawawekewi jedwali la msimamo mpaka wakaribie miaka kumi na mmoja. Uingereza nako ligi za watoto wadogo hazichapishi matokeo. Kwenye beisiboli ya watoto Marekani, tofauti ikifika pointi kumi baada ya awamu kadhaa mchezo unaisha hapohapo. Hapa kwetu, kwenye mitihani si kwenye michezo, Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, na mjadala wake ulikuwa mkali. Mimi kwenye michezo siungi mkono kuficha matokeo. Watoto wanahesabu. Uliza mtoto yeyote aliyecheza chandimu mpaka giza likaingia, atakwambia matokeo na nani alifunga. Ukimficha mtoto idadi anaihesabu mwenyewe, kisha anaona kwamba hata wewe mkubwa unaionea aibu, na hapo ndipo anajua ni jambo la aibu kweli.

Ninachokipenda ni utaratibu mwingine wa Norwei, ambao Uingereza nao wanautumia kwenye ligi nyingi za watoto: timu ikiachwa kwa magoli manne, inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja uwanjani. Mpira unaendelea, matokeo yanaandikwa kama yalivyo, lakini mechi inarudi kuwa mechi. Anayeongoza sasa anapata kazi ya kufanya, na hili tunalisahau sana. Tukizungumzia kipigo tunamzungumzia aliyepigwa tu. Wale watoto wa akademi, kipa wao alikaa kipindi kizima cha pili ameegemea mlingoti. Mabeki wao walikuwa wanapiga soga. Walisafiri asubuhi, wakavaa, wakaimba wimbo wao, na hawakujifunza chochote ambacho hawakukijua walipoamka.

Januari 2009, huko Dallas, Marekani, shule moja ya sekondari iliishinda nyingine kwenye mpira wa kikapu wa wasichana mia moja kwa sifuri. Shule iliyoshinda ndiyo iliyoomba radhi. Uongozi wake ulisema ushindi ule ni aibu, na kocha aliyepinga radhi hiyo akaondolewa. Nimebishana na Mwalimu mara nyingi kuhusu kisa hicho. Yeye anasema kuwaambia watoto waache kucheza kwa nguvu nako ni dharau kwa mpinzani, na mimi nakubali. Lakini kuna njia nyingi za kuendelea kucheza kwa nguvu. Kocha anaweza kuwaambia watoto wake goli lihesabiwe baada ya pasi kumi tu, au wafunge kwa mguu wa udhaifu, au namba kumi aende akacheze beki ya kati aone mpira unakujaje kutokea huko. Hizo zote ni kazi ngumu kuliko kufunga goli la kumi na moja.

Na aliyefungwa naye anahitaji goli lake dogo la kulikimbilia. Juni 2019 Marekani iliifunga Tailandi kumi na tatu bila kwenye Kombe la Dunia la wanawake nchini Ufaransa, na dunia ikazozana kama Wamarekani walishangilia kupita kiasi. Mechi iliyofuata Tailandi ilifungwa tano kwa moja na Uswidi. Lile moja, la nahodha wao Kanjana Sungngoen, lilikuja dakika za nyongeza, na meneja wa timu, Nualphan Lamsam, akaangua kilio cha furaha kwenye benchi. Ukitazama idadi tu, ni kipigo kingine. Ukitazama benchi lile, unaona watu waliokuwa na lengo lao na wamelifikia.

Siku ile Kawe, mapumziko tulikuwa tumefungwa saba. Mwalimu hakuwaambia warudishe. Aliwaambia kitu kimoja tu: mabeki wawili wabaki kwenye boksi kila golikiki, na kipa awape mpira mfupi. Kipindi cha pili tulifungwa manne, na katika hayo hakuna hata moja lililotokana na golikiki. Yale matano ya aina ile yalikuwa yote ya kipindi cha kwanza. Hakuna aliyeona uwanjani wala kwenye video. Liliandikwa kwenye daftari tu, na nilipolisoma Jumanne watoto walipiga kelele kama wameshinda.

Tangu mwaka huu tumekubaliana na timu mbili za jirani, moja ya Mtoni na moja ya Azimio, kwamba mechi zetu za kirafiki zinachezwa tisa kwa tisa, miti ya goli tunaisogeza ndani kwa koni, na tofauti ikifika manne aliyeachwa anaongeza mtu. Kocha wa Azimio alisita mwanzoni, akisema watoto wake wataona wanaonewa. Kisha timu yake ndiyo ikawa ya kwanza kuachwa kwa manne, akaingiza mtu wa kumi, na ikaisha nne kwa mbili. Kwa wazazi nimeomba jambo moja, kwamba video ya mtoto aliyeanguka isipandishwe kwenye status na mtu yeyote bila mzazi wake kuulizwa. Wengi wamekubali. Wachache wamenyamaza, na nitawarudia mmoja mmoja.

Wale wa akademi wametualika tena likizo ya Juni. Mwalimu amekubali kwa sharti la tisa kwa tisa na wameridhia, na mzee yule wa methali ameahidi kuchangia nauli. Watoto wameanza kuulizia kama yule namba kumi wa mguu wa kushoto bado yupo. Golikiki zetu sasa zinatoka vizuri, kipa anawapanga mabeki mwenyewe kwa sauti ambayo hakuwa nayo. Upande wa kushoto bado. Namba kumi na moja akishapanda anasahau kushuka, na wiki hii mazoezi yote mawili ni ya hilo.